Mwanga na Rutuba Katika Bahari ya Mafia

Visiwa vya Mafia vimekaa mbele ya delta ya Rufiji, na mkao huo ndio ulioamua tangu zamani mmea gani uote wapi katika bahari yake. Upande wa magharibi, ulipo mji wa Kilindoni, maji hupokea tope la mto na masalia ya mikoko. Yana rutuba, lakini ni mazito na jua halifiki mbali ndani yake. Upande wa mashariki mawimbi ya Bahari ya Hindi huvunjika moja kwa moja juu ya miamba. Huko maji ni maangavu, mtu aliye ndani ya ngalawa huuona mchanga wa chini, lakini chakula cha mimea ni haba. Kati ya pande hizo mbili ipo Ghuba ya Chole, inayozungukwa na Utende, Chole, Juani na Jibondo, ambako maji ya bahari kuu huingia kila yanapojaa na kutoka kila yanapokupwa. Historia ya mimea ya baharini ya Mafia, ile iliyoota yenyewe na ile iliyopandwa na watu, ni historia ya kutafuta mahali ambapo mwanga na rutuba vinakutana.

Anayeotesha mimea hai katika tangi la kioo la samaki nyumbani hukabili mambo hayo hayo kwa kipimo kidogo. Taa ikiwa hafifu, mimea hurefuka bila nguvu, hupauka na kuoza kuanzia majani ya chini. Taa ikiwa kali na mbolea haitoshi, mimea hukwama, na kioo hufunikwa na utando wa kijani wa mwani mdogo usiohitaji mengi. Ndiyo maana taa huwashwa kwa saa 8 hadi 10 kwa siku, na ndani ya maji hutiwa naitrojeni, fosforasi, potasiamu na chembe za chuma kwa vipimo vinavyolingana na ukali wa taa hiyo. Kanuni inayofuatwa ni ya zamani. Mjerumani Carl Sprengel aliieleza mwaka 1828, na mwenzake Justus von Liebig akaieneza katika miaka ya 1840: mmea hukua kwa kadiri ya kile kilicho haba kuliko vyote, hata kama vingine vimejaa tele. Katika maji ya chumvi potasiamu si tatizo, maana bahari inayo ya kutosha. Kinachokosekana mara nyingi ni naitrojeni, kisha fosforasi, na mahali pengine chuma.

Mafia haina upungufu wa jua. Visiwa viko karibu na nyuzi 8 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana hauachani sana na saa 12 mwaka mzima, na jua la utosi hupita mara mbili, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Lakini mwanga unaoangukia bahari si wote unaofika chini. Rangi nyekundu hufifia ndani ya mita chache za kwanza, na rangi ya buluu ndiyo inayozama mbali zaidi kwenye maji maangavu. Tope likiingia, hata buluu hunyang'anywa. Mwani mwekundu umejipatia dawa ya hali hiyo: una rangi iitwayo fikoerithrini inayonasa mwanga wa kijani na wa buluu, na huo wa kijani mimea ya nchi kavu huutumia kwa kiasi kidogo. Nyasi bahari hazina bahati hiyo. Kwa wastani huhitaji kama asilimia 11 ya mwanga wa juu ya maji ili ziishi, ilhali aina nyingi za mwani huridhika na sehemu ndogo sana ya kiasi hicho.

Nyasi bahari ndiyo mimea mikongwe ya Ghuba ya Chole, na si mwani. Ni mimea ya kweli yenye mizizi, majani, maua na mbegu, ambayo mababu zake walitoka nchi kavu wakarudi majini. Tanzania ina takribani aina 12 za nyasi hizi. Mojawapo, Enhalus acoroides, ina majani ya utepe yanayoweza kupita mita 1, na inatoka katika familia moja na Vallisneria, mmea wa maji baridi ambao wafugaji wa samaki wa mapambo wanaujua dunia nzima. Udugu huo una nafasi yake katika historia ya tangi la kioo. Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, alieleza jaribio lake la kuweka samaki wa dhahabu, konokono na Vallisneria katika chombo kimoja, akaona kwamba mmea ukipata mwanga hutoa oksijeni inayowatosha samaki, na uchafu wa samaki hugeuka chakula cha mmea. Miaka mitatu baadaye bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya kwanza ya umma ya kuonyeshea samaki wakiwa hai. Kile ambacho Warington alikipata kwenye chombo cha kioo, ghuba ya Chole ilikuwa ikikifanya kwa majani ya ukoo huo huo: kasa wa kijani walilisha juu ya nyasi, samaki wadogo walijificha ndani yake, na kinyesi chao kilirudi kwenye mizizi.

Tofauti ya mizizi ina maana kubwa. Nyasi bahari huchukua sehemu kubwa ya chakula chake kutoka kwenye mchanga na tope la chini, kama mimea ya tangi inayowekewa mbolea chini ya changarawe. Mwani hauna mizizi ya kunyonya. Hushika mwamba kwa kishikizo tu, na hula kwa mwili wake wote kutoka kwenye maji yanayoupitia. Maji yakisimama, mwani hula kilichopo karibu yake kikaisha, ukafa njaa katikati ya bahari. Wakulima wa Mafia walikuja kulijua hilo kwa macho na mikono.

Kwa karne nyingi mimea hii haikulimwa. Wakazi wa mji wa kale wa Kisimani Mafia na wa Kua, mji wa mawe wa kisiwa cha Juani uliovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, waliishi kwa biashara na uvuvi, na bahari ya nyasi ilikuwa kwao malisho ya kitoweo. Tasi, samaki anayekula nyasi na mwani, hutegwa kwa madema, na mahali pengi pwani chambo cha dema ni majani yale yale anayoyapenda. Nguva naye alikuwa mwenyeji wa maji haya. Bahari iliyo kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa ni miongoni mwa sehemu chache za Tanzania ambako bado huonekana, na chakula chake karibu chote ni nyasi bahari.

Jicho la watawala lilikuwa juu ya nchi kavu. Katika karne ya 19 wenye mashamba wa Kiomani na wa Kiswahili walipanda minazi kwa kazi ya watumwa, na makao ya wakubwa yakawa Chole. Wajerumani waliotwaa Mafia mwaka 1890 walikaa Chole pia, hadi makao ya serikali yalipohamishiwa Kilindoni mwaka 1913, penye nafasi ya kutosha kwa meli. Waingereza walikiteka kisiwa Januari 1915, na ndege zao zilizoruka kutoka Mafia ndizo zilizoitafuta manowari ya Königsberg iliyojificha ndani ya delta, mpaka ilipoangamizwa Julai mwaka huo. Tukio hilo la vita linaonyesha jinsi kisiwa na mdomo wa mto vilivyo jirani: kutoka Mafia rubani alifika juu ya mikoko ya Rufiji kwa muda mfupi tu, na tope la mto nalo linaifuata njia hiyo kwa kurudi.

Mwani uliingia kwenye biashara kupitia Unguja. Karibu na katikati ya karne ya 20 watu wa Unguja na Pemba walikuwa wakiokota mwani wa mwituni aina ya Eucheuma uliotupwa na mawimbi au uliong'olewa miambani, wakaukausha na kuuza kwa wafanyabiashara waliousafirisha Ulaya na Marekani. Kilichotafutwa ndani yake ni karajini, utomvu unaogandisha na kulainisha vyakula, dawa ya meno na vipodozi. Mwani wa kuokota haukudumu. Kadiri wanunuzi walivyohitaji zaidi ndivyo miamba ilivyobaki mitupu, na kufika miaka ya 1970 biashara hiyo ilikuwa imedhoofika.

Wakati huo huo ufumbuzi ulikuwa ukifanyiwa kazi Ufilipino. Mtaalamu wa mwani wa Chuo Kikuu cha Hawaii, Maxwell Doty, alishirikiana na Wafilipino kuanzisha mashamba ya baharini mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, na aina iliyotia fora ikapewa jina la Kappaphycus alvarezii kumuenzi Vicente Alvarez, mmoja wa waanzilishi wa kazi hiyo. Huko Hawaii ndiko alikosomea pia Keto Mshigeni, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye alirudi nyumbani na kuhubiri kwa bidii kwamba pwani ya Tanzania inaweza kulima badala ya kuokota. Majaribio yalifanyika visiwani Zanzibar katika miaka ya 1980. Mwaka 1989 mbegu kutoka Ufilipino zikapandwa kibiashara katika vijiji vya Paje na Jambiani. Aina mbili zikashika soko: spinosum, yaani Eucheuma denticulatum, iliyo ngumu na ya bei ya chini, na cottonii, yaani Kappaphycus, yenye bei ya karibu mara mbili yake lakini nyepesi kushikwa na maradhi.

Kutoka Unguja kilimo hicho kilisambaa Pemba na Tanzania Bara, na katika miaka ya 1990 kikawa kimefika Mafia. Kilikuta bahari iliyochoka. Mabomu ya baruti yalikuwa yamevunja matumbawe mahali pengi, wachoma chokaa walikuwa wakiyachimba, na juya lililokokotwa chini liling'oa nyasi bahari pamoja na samaki. Ghuba ya Chole na mwamba wa Kitutia vilikuwa vimetangazwa kuwa hifadhi tangu mwaka 1975, lakini ulinzi wake ulikuwa wa karatasi. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994 ndiyo iliyoleta mabadiliko, na mwaka 1995 ikazaliwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza nchini, yenye eneo la kilometa za mraba 822 na vijiji vyenye watu ndani yake. Mwani uliwekwa mbele ya wanavijiji kama kazi mbadala kwa waliozuiwa zana zao.

Jibondo ndiko kilimo hicho kilikopata maana kubwa, na sababu zake zinaonekana kwa yeyote aliyewahi kufika. Kisiwa ni mwamba mtupu wa matumbawe ya kale. Udongo ni kidogo, maji ya kunywa yalikuwa yakiletwa kwa chombo, na wenye kulima huvuka kwenda Juani. Wanaume wake ni mafundi wa majahazi na wavuvi wanaosafiri mbali. Wanawake walikuwa na pweza, na uvuvi wa pweza hutegemea mwamba ulio wazi wakati wa bamvua. Shamba la mwani liliwapa kitu ambacho nchi kavu haikuwapa: kipande cha kulima ambacho hakikurithiwa wala kununuliwa. Jibondo pia ndiko mvutano kati ya wanakijiji na hifadhi ulikoonekana waziwazi, na ni haki kusema kwamba mwani haukuweza kufidia kila kilichozuiwa. Mkulima alilipwa kwa kilo ya mwani mkavu, bei ilipangwa na mnunuzi, na mara nyingi mnunuzi huyo huyo ndiye aliyetoa kamba na mbegu.

Shamba lenyewe hujengwa kwa vitu vichache. Vigingi vya miti, ambavyo wakulima wengi wa pwani huviita mambo, hupigwa mchangani kwa mistari miwili. Kati ya kigingi na mwenzake hukazwa kamba ya mita chache, na juu ya kamba hufungwa vikamba vyembamba, taitai, kila baada ya shubiri moja hivi. Kila taitai hushika kipande cha mbegu cha ukubwa wa kiganja, chenye uzito wa gramu 50 hadi 100. Fundo likikazwa sana hukata tawi; likilegea, mkondo huondoka na mbegu. Mmea unaokua kwa asilimia 5 kwa siku hutoka gramu 100 ukafika karibu gramu 780 ndani ya siku 42, na muda huo wa wiki 6 ndio uliozoeleka kuwa wa mavuno, kwa kuwa unaangukia tena kwenye bamvua.

Bamvua ndiyo kalenda ya kazi hii, na katika pwani ya Afrika Mashariki ina tabia inayostahili kutazamwa kwa karibu. Wakati wa mwezi mpya na mwezi mpevu maji hupwa sana, tofauti ya kujaa na kupwa ikizidi mita 3, na maji hayo ya kupwa mno hutokea kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, au karibu na hapo. Maana yake ni kwamba shamba huwa na maji machache kabisa, au hubaki wazi, jua likiwa linaelekea utosini. Mwani unaopata mwanga mwingi mno nao huumia. Mitambo yake ya usanisinuru huzidiwa, matawi hupauka na kulainika. Kwa hiyo wanaofika shambani asubuhi hiyo kufunga na kuvuna ndio hao hao wanaoona kamba ipi imekauka na ipi bado imelazwa ndani ya maji. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka: maji hayapwi sana, shamba hufunikwa siku nzima, na mkondo hupungua.

Mkulima hana taa ya kuzima wala ya kuwasha, ila ana urefu wa kigingi. Kamba ikiwekwa juu sana, mwani huungua siku za bamvua na hupigwa na mawimbi. Ikiwekwa chini sana, hugusa mchanga, huliwa na konokono na shokoa, na mchanga unaotimuliwa huyafunika matawi na kuyanyima mwanga. Upana wa nafasi inayofaa ni mdogo, pengine nusu mita tu juu ya mchanga, na hubadilika kutoka upande mmoja wa kichele hadi mwingine. Ustadi huu ni vigumu kuujifunza kutoka kwenye kijitabu cha mafunzo, kwa kuwa unahitaji shamba mbele ya macho. Haukuthaminiwa inavyostahili. Kilimo cha mwani kilinadiwa kuwa ni kazi rahisi isiyohitaji ujuzi, na maneno hayo yaliwafanya wengi wadhani bahari ni shamba moja lenye udongo mmoja.

Mbolea haitumiki Mafia. Inayofanya kazi yake ni mwendo wa maji. Mkondo wa bahari wa Ikweta ya Kusini huvuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, hugonga pwani ya Afrika kusini mwa Mafia, na tawi lake moja hupanda kaskazini kando ya Tanzania mwaka mzima. Maji ya juu ya mkondo huo yana rutuba ndogo, lakini ni mengi na hayasimami, na mwani unaopitiwa na maji mengi yenye chakula kidogo unaweza kunona kuliko uliotulia katika maji yenye chakula kingi. Pepo za msimu hugawa mwaka. Kusi huvuma kwa nguvu kuanzia karibu Aprili hadi Septemba, hupoza bahari na kuikoroga, na maji ya chini hupandisha chakula kidogo juu. Mwani hustawi, ingawa mawimbi hung'oa sehemu yake, na mvua za masika mwanzoni mwa msimu hupunguza chumvi na kuharibu uliokwisha anikwa. Kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, huleta bahari tulivu na ya moto. Kuanika huwa rahisi, lakini ukuaji hupungua na maradhi huja.

Wako waliowahi kuitia bahari mbolea. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa China chini ya uongozi wa Tseng Cheng-kui walining'iniza kwenye kamba za mwani mkubwa wa kahawia vyungu vya udongo vilivyojazwa chumvi za naitrojeni. Chakula kilivuja polepole kupitia vitundu vya chungu na kufikia mmea kabla ya kupotea baharini. Mbinu hiyo ilifungua maji maskini ya kaskazini mwa China kwa kilimo. Ufilipino na Indonesia wapo waliotumia njia fupi zaidi, kuloweka mbegu katika maji ya mbolea kwa muda kabla ya kuzifunga. Katika ghuba iliyo ndani ya hifadhi, yenye matumbawe yanayopenda maji safi, mbolea ya kumwagwa ingekuwa hasara: mwani mdogo ungenufaika kwanza, ungefunika matumbawe na kukata mwanga wa nyasi. Mwenye tangi la kioo hupata kijani kwenye vioo vyake kwa sababu hiyo hiyo, na yeye anaweza kubadilisha maji kwa ndoo.

Shamba la mwani nalo lina kivuli. Utafiti uliofanywa Unguja, katika Ghuba ya Chwaka, ulionyesha kwamba chini ya mashamba nyasi bahari huwa chache na fupi kuliko nje yake. Kamba zilizosheheni huziba jua, miguu hukanyaga, na wakulima wengine hung'oa nyasi kwa makusudi ili zisisugue mwani. Nyasi zikipungua, mchanga hulegea na maji huchafuka kwa urahisi zaidi, hasara inayorudi kwa mwani wenyewe. Mipango ya hifadhi ya Mafia iligawa bahari katika maeneo yasiyoguswa, yenye matumizi maalumu na ya matumizi ya jumla, na kilimo cha mwani kikapewa nafasi nje ya maeneo yasiyoguswa. Vigingi vilivyokatwa kwenye mikoko vililalamikiwa pia, maana kila msimu huhitaji vipya. Tasi naye hakuona tofauti kati ya malisho ya zamani na shamba jipya. Kundi lake likiingia, huacha vikonyo vitupu juu ya taitai.

Pigo kubwa halikutoka kwa samaki. Kati ya Machi na Mei 1998 joto lililoletwa na El Niño liliyafanya matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi kuwa meupe, na Kitutia, iliyokuwa fahari ya Mafia, ilipoteza sehemu kubwa ya matumbawe yake. Tumbawe ni mnyama, lakini huishi kwa mwani mdogo uliomo ndani ya nyama yake, unaotumia jua kumtengenezea chakula. Maji yakipata moto kupita kiasi, ushirika huo huvunjika na mwani hutoka. Mwani unaolimwa hupatwa na jambo la karibu na hilo. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 cottonii ilianza kufa katika pwani ya Tanzania: ncha hugeuka nyeupe na laini kama barafu inayoyeyuka, bakteria huingia, tawi hukatika na kuchukuliwa na maji. Maji ya kina kifupi ndiyo yaliyoathirika zaidi, kwa kuwa yanapokupwa mchana hupata moto kuliko bahari iliyo wazi. Wakulima wengi walibaki na spinosum, inayovumilia zaidi na kulipa kidogo.

Jibu lililopendekezwa ni kuhamia kwenye kina. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Zanzibar, aliwajaribishia wakulima neti ndefu za mviringo zinazojazwa mbegu na kuelea katika maji ya mita kadhaa, ambako joto halipandi sana wakati wa kupwa na mkondo haukatiki. Mwanga hupungua kidogo, na kwa cottonii upungufu huo ni nafuu. Ugumu uko kwingine. Maji ya kina yanahitaji chombo na kuogelea, na wanawake wengi wa pwani hawakulelewa kuogelea. Shamba lililofikiwa kwa miguu wakati wa bamvua linakuwa shamba la wenye ngalawa, yaani la wanaume au la vikundi vinavyoweza kununua chombo pamoja. Mabadiliko ya joto yamegusa kwa njia hiyo swali la nani amiliki shamba.

Magharibi mwa kisiwa rutuba ya Rufiji inaonekana kwa viumbe vingine. Kuanzia Oktoba hadi Machi papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, hukusanyika karibu na Kilindoni kula vijiduvi wa jamii ya kamba wanaoogelea kwa makundi mazito. Vijiduvi hao hula planktoni, yaani vijimea na vijidudu vinavyoelea majini, na vijimea hivyo hula naitrojeni na fosforasi zinazoteremshwa na mto unaokusanya maji ya takribani kilometa za mraba 177,000, karibu moja ya tano ya nchi. Mwani wa kamba haukushika mizizi ya kiuchumi upande huo kama ulivyoshika Jibondo. Tope hutua juu ya matawi, na chumvi hushuka ghafla wakati wa mafuriko.

Mizani hiyo ya upande wa magharibi sasa imeingiliwa na jambo jipya. Bwawa la Julius Nyerere, kwenye korongo la Stiegler, lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mtambo wake wa kwanza uliingiza umeme kwenye gridi Februari 2024. Uwezo kamili wa bwawa ni megawati 2,115. Bwawa la namna hiyo hunasa tope nyuma ya ukuta wake na hubadilisha mafuriko ya msimu kuwa mtiririko uliopimwa. Misri iliona matokeo yake: kabla ya bwawa kuu la Aswan kuzuia mafuriko ya Nile kuanzia mwaka 1964, wavuvi wa mdomo wa mto walivua takribani tani 18,000 za dagaa wa jamii ya sadini kwa mwaka, na mwishoni mwa miaka ya 1960 walipata chini ya tani 1,000. Kwa mimea ya baharini bwawa huvuta pande mbili kwa wakati mmoja. Tope likipungua, mwanga hufika mbali zaidi, na nyasi bahari zinaweza kuteremka kwenye kina ambacho zamani kilikuwa giza. Lakini mchanga mpya wa kushikia mizizi na chakula kinachokuja nao hupungua pia. Katika mlango wa bahari ulio kati ya Mafia na delta, ambako planktoni hutegemea mto, upungufu wa rutuba ndio wenye uzito zaidi. Katika Ghuba ya Chole, inayopokea maji yake kutoka bahari kuu, mto haujawahi kuwa mlishaji mkubwa, na mashamba ya Juani na Jibondo yataendelea kutawaliwa na joto la kaskazi na urefu wa kigingi.